Moshi Si Mkate

Kuna hoja moja isemwayo siku hizi mahali pengi, na husemwa na wenye elimu kuliko wasio nayo. Hoja hiyo yasema ya kwamba nchi maskini haina budi kuvumilia moshi. Kwanza ijenge viwanda, iondoe njaa, ivike watu wake. Hewa safi ni pambo la matajiri, na pambo hununuliwa baada ya chakula. Wasemao hivi huleta na shahidi. Uingereza, wasema, iliichafua anga yake kwa muda wa miaka mia mbili, ikatajirika, kisha ikanawa uso. Basi na sisi tuifuate njia hiyo hiyo: tuchafue, tutajirike, na kunawa tutanawa baadaye. Mara ya mwisho nilipoisikia hoja hii ilikuwa katika ukumbi wa mjadala, kinywani mwa kijana mwerevu sana, ambaye alimaliza kwa kusema kwamba dohani isiyotoa moshi ni kama chungu kisichochemka. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, lakini sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hana haki ya kununa. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Nianze na chungu, kwa kuwa ni chepesi. Chungu kichemkacho hutoa mvuke, hakitoi moshi. Moshi hutoka chini yake, penye mafiga, na hutoka kwa wingi pale kuni zilipo mbichi, au zilipobanana zikakosa hewa. Mpishi ajuaye kazi yake akiuona moshi mweusi hashangilii. Huinama akazitengeneza kuni. Yeyote aliyepata kupika kwa kuni ajua ya kwamba moshi mweusi ni kuni ambazo hazikuwaka. Tanuri la kiwanda halina sheria nyingine. Masizi yapaayo kutoka katika dohani ni makaa yaliyochimbwa, yakalipiwa, yakasafirishwa, yakatiwa motoni, kisha yakatupwa hewani bila kutoa joto lake. Yule kijana alidhani asifu kazi, kumbe alisifu upotevu.

Kiberiti, ambacho wana sayansi hukiita salfa, kina tabia nyingine. Chenyewe huwaka vizuri sana, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Makaa ya mawe mengi yana kiberiti ndani yake, na mawe mengi ya shaba, risasi na zinki ni madini yaliyooana na kiberiti. Vitu hivi vikitiwa motoni, kiberiti huwa hewa isiyo na rangi, yenye ukali wa kuchoma pua na koo. Hewa hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo ikipanda juu ya chembe ndogo za masizi huingia nazo hata ndani ya mapafu, mahali ambapo kikohozi hakifiki kuitoa. Kila moja peke yake ni adui. Zikifuatana ni jeshi.

Wala msomaji asidhani kwamba dawa yake ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1831 mfanya biashara wa siki wa Bristol, Peregrine Phillips, alipata hati ya uvumbuzi wa njia ya kuigeuza hewa ya kiberiti kuwa asidi ya kuuzwa. Mwaka 1907 Frederick Cottrell wa California alionyesha jinsi ya kuzinasa chembe za moshi kwa nguvu za umeme kabla hazijatoka nje. Na tangu mwaka 1933 kituo cha umeme cha Battersea, katikati ya London, kiliosha moshi wake kwa maji ya mto Thames yaliyochanganywa na chokaa. Kuosha huko kulikuwa na kasoro: maji machafu yalirudishwa mtoni, na moshi uliopoa kwa maji haukuweza kupaa mbali. Hata hivyo walijua kwamba kiberiti chaweza kukamatwa, na walikikamata. Naliweka neno hili mapema kwa sababu nitalihitaji.

Sasa nimwite shahidi wao, Uingereza, aulizwe maswali ambayo hawakumwuliza.

Malalamiko juu ya moshi wa London ni ya kale. Mwaka 1661 John Evelyn aliandika kitabu kizima, Fumifugium, akamtolea mfalme Charles wa Pili, kuyashtaki makaa ya mawe na kushauri kwamba viwanda vyenye moshi viondolewe mjini. Mfalme alipendezwa, na hapana kilichofanyika. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Waingereza walichafua kwa kutojua. Walijua kwa muda wa karne tatu kasoro miaka michache, na katika muda huo wote hoja ya kuwanyamazisha walalamikaji ilikuwa hii hii tunayouziwa sisi leo kama mpya: moshi ni mkate.

Ijumaa tarehe 5 Desemba, 1952, London iliamkia baridi isiyo na upepo. Hewa yenye joto ililala juu ya hewa ya baridi, ikaufunika mji kama kawa juu ya sinia. Chini ya kawa hiyo watu milioni 8 hivi waliwasha moto ili waote. Kila sebule ilikuwa na meko yake ya makaa ya mawe, na kandokando ya mto dohani za vituo vya umeme na za viwanda zilifuka usiku na mchana. Moshi haukuwa na pa kutokea. Kwa muda wa siku 5 mchana ulikuwa kama usiku; makondakta walishuka wakatembea mbele ya mabasi na mienge mikononi ili madereva waione njia; katika ukumbi wa Sadler's Wells opera ilikatizwa kwa kuwa ukungu uliingia ndani hata jukwaa halikuonekana. Ng'ombe wa maonyesho ya Smithfield walitweta kwa kukosa pumzi, na wengine wakafa. Hao waliitiwa waganga upesi, maana walikuwa na thamani iliyoandikwa. Watu walikufa vitandani mwao, mmoja hapa na mmoja pale, wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua, na hapana aliyeuona wingi wao mpaka hesabu za vifo zilipokusanywa. Serikali ilikiri watu 4,000. Vifo vya wiki zilizofuata ilivisingizia homa ya mafua. Wataalamu walioirudia hesabu hiyo mwaka 2001 waliona kwamba vyote pamoja vilikaribia 12,000.

Haya ndiyo yasimuliwayo mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni habari ya makaa yenyewe. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni makubwa. Makaa yake mazuri iliyauza ng'ambo ili kupata fedha, na wenyeji waliachiwa chengachenga na vumbi lake, lenye moshi mwingi na joto kidogo. Tarehe 1 Desemba, 1952, vumbi hilo liliruhusiwa kuuzwa bila mgao, kila mtu apate kununua kiasi atakacho; siku nne baadaye ukungu ukashuka. Msomaji aangalie vizuri. Hapa pana taifa lililofanya kama hoja ile ishaurivyo: lilitanguliza fedha na kuahirisha hewa. Nani aliyelipa? Si deni la taifa lililolipa, wala si mnunuzi wa ng'ambo. Alilipa ajuza wa mitaa ya mashariki ya London, ambaye hakuwa na makaa mengine ya kuotea.

Tena yasemwa kwamba Uingereza ilisafisha hewa yake ilipokwisha kushiba. Hili si kweli, na tarehe zalikanusha. Kamati ya Sir Hugh Beaver, iliyopewa kazi ya kuuchunguza uchafu huu, iliundwa Julai, 1953, wakati sukari ilipokuwa ingali ikigawiwa kwa kadi, na nyama pia. Kadi ya nyama haikuondolewa mpaka mwaka 1954. Hiyo ndiyo shibe wanayoisema! Na kamati hiyo, baada ya kufanya hesabu, ilikadiria kwamba uchafu wa hewa uliigharimu nchi pauni milioni 250 kila mwaka, kwa kuoza kwa vyuma na mawe, kwa kufua na kupaka rangi, kwa mazao yaliyoharibika na kazi iliyopotea. Hawakuiacha hasara ile kwa sababu walikuwa wametajirika. Walitambua kwamba moshi ulikuwa ukiwafukarisha.

Wala serikali haikuenda kwa hiari. Waziri wa nyumba, Harold Macmillan, aliwaandikia mawaziri wenzake mwaka 1953 ya kwamba hawawezi kufanya mengi, lakini waweza kuonekana wana shughuli nyingi, na kwa zama zile hiyo ilikuwa nusu ya ushindi. Namshukuru kwa unyofu wake. Wengi hufanya hivyo bila kuandika. Hata wapenda watu walikuwa na upofu wao. George Orwell, ambaye hakuna awezaye kumwita rafiki wa matajiri, aliandika gazetini mwaka 1945 kuyatetea meko ya wazi ya sebuleni, kwa kuwa familia huketi pamoja mbele yake. Ilimpasa mbunge Gerald Nabarro apeleke muswada wake mwenyewe bungeni mwaka 1955 ndipo serikali ikaona haya ikaahidi wake. Sheria ilipita tarehe 5 Julai, 1956. Ilizipa halmashauri uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi, na mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa sehemu saba katika kumi za gharama. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko lionekanavyo. Sheria haikumwambia maskini aache kuota moto. Ilimsaidia apate moto mwingine.

Walakini sheria hiyo ilikuwa na jicho moja. Iliuona moshi mweusi, kwa kuwa ni mweusi. Hewa ya kiberiti, isiyo na rangi, iliiachia dohani. Mainjinia walishauri dohani zirefushwe, upepo wa juu upeleke uchafu mbali. Zikarefushwa. Dohani ya kituo cha Drax, katika Yorkshire, ilifikishwa mita 259, nayo ni kazi ya kustaajabisha kwa macho. London ikapumua. Lakini wahenga wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijui kama umewahi kutamkwa msemo uliofaa zaidi kwa dohani ndefu. Mwaka 1967 mtaalamu wa udongo wa Sweden, Svante Odén, aliandika gazetini kuwaambia wananchi wake kwamba mvua yao ilikuwa na asidi, na kwamba asidi hiyo ilitoka katika viwanda vya nchi nyingine. Katika kusini ya Norway maziwa yalibaki na maji maangavu kama kioo, yasiyo na samaki ndani yake. Watu wa pwani zile hawakupata mshahara hata wa siku moja katika viwanda vya Uingereza. Hawakula mkate, walipelekewa moshi tu.

Na Uingereza ilifanya nini ilipoelezwa? Ilibisha. Ilisema ushahidi hautoshi, utafiti uendelee. Mwaka 1985, mataifa ya Ulaya yalipoafikiana mjini Helsinki kupunguza kiberiti kwa asilimia 30, yenyewe haikutia sahihi. Naye huyu ndiye shahidi wa wale wasemao kwamba tajiri hujisafisha! Alikuwa tajiri zaidi mwaka 1985 kuliko mwaka 1953, na alikuwa mzito zaidi kutenda, kwa sababu safari hii waliokohoa hawakuwa wapiga kura wake. Drax iliwekewa mitambo ya kunasa kiberiti baadaye, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1990. Mitambo hiyo huinyeshea hewa ya kiberiti tope la mawe ya chokaa, na kitokacho ni jasi, ambayo wajenzi waliinunua kwa kutengenezea mbao za kuta. Kumbukeni Battersea, 1933. Ujuzi ulikuwako kwa muda wa nusu karne na zaidi. Fedha zilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimishwa na mtu wa kulazimisha.

Basi nikisema kwamba utajiri hauleti hewa safi, na umaskini hauizuii, sisemi kwa kupenda tu. China ilikata kiberiti chake kwa robo tatu hivi katika miaka ya 2007 hata 2016, na makaa iliyoyachoma katika muda huo hayakupungua bali yaliongezeka. Na hapa kwetu, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliafikiana kwamba tangu Januari, 2015, kiberiti katika dizeli kisizidi sehemu 50 katika milioni, ambapo zamani katika baadhi yake kiliruhusiwa kwa mamia na hata maelfu. Hatukungoja kwanza tuwe Uingereza.

Lakini sipendi kuikimbia hoja ya adui mahali iliponona, nayo imenona Lubumbashi. Katika mji huo, ulioitwa Elisabethville zamani za Wabelgiji, na ambao watu wake husema Kiswahili sokoni na nyumbani, dohani ya tanuri la shaba na kilima cheusi cha mavi ya shaba ndiyo alama ya mji. Wachoraji wa kwao wameichora dohani hiyo mara zisizohesabika. Tanuri lilianza kazi mwaka 1911, na kwa vizazi vitatu moshi wake ulikuwa habari njema: ukifuka, kuna mshahara, kuna unga, kuna shule na hospitali ya kampuni. Shughuli za shaba zilipoanguka katika miaka ya 1990 moshi ulikatika, wafanya kazi wakakaa miezi mingi bila kulipwa, na mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja. Mtu wa Lubumbashi akisema anautamani moshi, sina uso wa kumcheka. Lakini namwuliza kwa heshima: baba, wautamani moshi, au watamani mshahara uliokuja pamoja nao? Mawingu ni dalili ya mvua, na mkulima wa kweli hutaka mvua.

Maana moshi ule ulikuwa na upande wa pili. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na kwa hiyo moshi ulilala kaskazini-magharibi ya tanuri mwaka baada ya mwaka. Miti ya miombo ilikufa huko, majani yakafuata, udongo ukajaa shaba na madini mengine hata ukabaki uchi. Ng'ambo ya mpaka, Mufulira katika Zambia, tanuri lilianza mwaka 1937, na watu wa mtaa wa Kankoyo, walio chini ya upepo, waliishi na vikohozi, mabati yaliyoliwa na kutu, na bustani zilizokataa mboga. Ilifika mwaka 2014 ndipo mtambo wa kukamata sehemu kubwa ya kiberiti ulipokamilika. Tangu 1937 hata 2014 ni miaka 77. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza aliweza kuzeeka na kufa kabla hewa yake haijasafishwa.

Na kiberiti kikikamatwa hufanywa nini? Hapa ndipo hesabu ya wapenda moshi inapovunjika kabisa. Hufanywa asidi, na asidi hiyo ndiyo itumiwayo kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe yasiyofaa kuchomwa. Migodi ya Katanga na Zambia huihitaji kwa wingi, hata hununua kiberiti kutoka nchi za mbali. Yaani kitu kile kile kilichorushwa angani kwa vizazi, kikaua miti na kuoza mabati, huletwa leo kwa meli na kulipiwa ushuru. Wamarekani walijifunza somo hili zamani. Jimbo la Georgia liliishtaki kampuni ya shaba ya Tennessee kwa moshi wake ulioangamiza misitu, na mahakama kuu ya nchi ikaamua kwa faida ya Georgia mwaka 1907. Kampuni ililazimika kuikamata hewa ya kiberiti na kuifanya asidi; baadaye asidi ikawa bidhaa yake kubwa kuliko shaba yenyewe. Ilitajirishwa na hukumu iliyoipinga kwa nguvu zake zote.

Sikatai kwamba mitambo hii ni ya gharama. Kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma chakavu hakiwezi kujenga mtambo wa asidi, wala hakina haja nao. Kinahitaji mifuko ya kuchujia vumbi na mtu wa kuibadilisha ichakaapo. Tena nakiri kwamba bei ya saruji au ya umeme yaweza kupanda kidogo. Lakini gharama hiyo ipo hata sasa. Tofauti ni kwamba haikuandikwa katika daftari la kiwanda. Imeandikwa katika daftari la zahanati, katika siku ambazo mama hakwenda shamba kwa sababu mwanawe ana kichomi. Mwenye kiwanda akisema hawezi kulipa, maana yake ni kwamba jirani yake aweza. Na nani kamwuliza jirani?

Kwa hiyo tusikubali dohani ndefu kuwa jibu. Kila liombwapo tanuri jipya, mtambo wa kukamata vumbi na kiberiti uwe katika mchoro wa kwanza, maana kuuongeza baadaye ni ghali zaidi, na baadaye ina miaka 77. Vipimo vya hewa viwekwe mahali watu walipo chini ya upepo, si penye lango la mkurugenzi, na hesabu zake zibandikwe kila mwezi mahali pa kusomeka. Kazi hii ya kupima vyuo vyetu vyaweza kuifanya kesho; ingefaa kuliko mijadala mingine tuifanyayo, na huu wangu naujumlisha.

Na kijana yule wa ukumbini nina ombi kwake. Aende siku moja akasimame kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea Tunduma, mahali malori yapunguzapo mwendo. Kati yake yapo yaliyofunikwa maturubai, yaliyobeba kiberiti cha manjano kwenda Zambia na Kongo. Ayahesabu tangu asubuhi hata adhuhuri. Aulize bei ya shehena moja, nauli yake, na dizeli ya safari nzima. Kisha arudi atuambie ni nani kati yetu aliyekuwa tajiri hata akaweza kukitupa angani.